Lengalenga zimeshaota, na utabiri unasema theluji

SWALI: Kaka, niko Louisville, Kentucky, huu mwaka wa tatu. Nilizaliwa Fizi, Kongo, nikakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuja huku. Mwezi huu wa tatu jua liliwaka wiki mbili nzima, nami nikapanda: lengalenga, maharage, mahindi mistari minne, sukuma wiki, viazi, na miche sita ya nyanya. Nyuma ya nyumba kuna mti wa pichi wa mwenye nyumba, umejaa maua. Leo Jumanne simu inasema Ijumaa mvua itageuka barafu, labda na theluji, halafu usiku wa Jumamosi nyuzi 25. Jirani yangu, mzee wa hapa hapa, anasema nimwagie mimea maji usiku. Nifunike? Ning'oe? Na wanasema umeme unaweza kukatika. Nina watoto wanne. Jiko langu la mkaa lipo, nalitumia nje kuchoma nyama.

JIBU: Mama, leo ni Jumatano, kwa hiyo siku mbili bado unazo. Using'oe kitu. Nyanya na maharage vifunike, sukuma wiki iache ilivyo, viazi vipandishie udongo, mahindi usiyahangaikie. Ushauri wa jirani uweke kando, ingawa mzee hakuutoa hewani, nitakueleza alikoutoa. Lakini kilichonifanya nikujibu kabla ya watu wengine ni ile sentensi yako ya mwisho, ya jiko la mkaa. Nitaifikia, tafadhali usiache kusoma kabla yake.

Hukudanganywa peke yako. Wiki mbili za jua mwezi wa tatu zimewadanganya hata wenye mashamba ya kurithi. Louisville, baridi ya kugandisha hutarajiwa mpaka katikati ya Aprili, na miaka mingine inagusa Mei. Ndiyo maana wenyeji hawaweki nyanya nje mpaka Derby ipite, zile mbio za farasi za Jumamosi ya kwanza ya Mei, na hata siku hiyo si ya kuaminika: mwaka 1989 chembe za barafu zilianguka siku yenyewe ya mbio. Wazee wa Kentucky wamezipa baridi hizi za kuchelewa majina ya maua zinayoyakuta yamechanua, moja baada ya nyingine, mpaka ile ya Mei wanayoiita kwa jina la tunda la blackberry. Jambo lenye jina si ajabu tena, ni desturi.

Ajabu iko kwingine. Nyuzi 25 za Fahrenheit, yaani kama 4 chini ya sifuri kwa hesabu tuliyosomea sisi, ya Selsiasi, zingekuja Januari hakuna ambaye angegeuka kuzitazama. Miti ingekuwa imelala, mabomba ya nje yamefungwa, makoti yako mlangoni. Sasa kila kitu kimefunguka: maua, majani, mpira wa maji umeunganishwa, makoti yamefuliwa na kuwekwa juu kabatini. Aprili 2007 ilikuwa hivyo. Machi ilikuwa na joto lisilo la kawaida, ngano ikarefuka, mipichi na mitufaha ikachanua mapema, halafu karibu na Pasaka baridi ikashuka kutoka kaskazini na kukaa siku kadhaa. Kusini na katikati ya Marekani hasara ilikadiriwa kufika dola bilioni 2. Nyuzi zile zile zingeshuka mwezi mmoja kabla, hasara ingekuwa ndogo zaidi. Kwa hiyo katika kila ninalokuambia hapa chini, swali la kujiuliza ni moja: hapa nyumbani kwangu, nini kimeshafunguka?

Tuanze na bustani.

Mimi ni mtu wa Njombe. Kwetu Juni na Julai sakitu inaanguka, wengine huiita jalidi, na tangu mtoto nilijua kwamba maharage ya kwenye vinyungu, kule bondeni penye unyevu, yanaweza kuamka meusi ilhali ya mteremkoni juu yake yako salama. Hewa baridi ni nzito. Usiku usio na upepo wala mawingu ardhi inapoteza joto lake kwenda angani, hewa inayoigusa inapoa, kisha inatiririka polepole kama maji kutafuta bonde. Louisville ni hivyo hivyo. Kama bustani yako iko chini ya mteremko, au ukuta wa mbao umeizuia hewa isitoke, itapoa kuliko simu yako inavyosema. Tena kipimajoto cha watabiri huwa kimewekwa kwenye kimo cha mtu, si kwenye majani. Usiku wa namna hiyo simu ikisema nyuzi 36, ambazo ziko juu ya kuganda, nyasi zako zinaweza kuwa nyeupe asubuhi. Unaposoma 25, bustani isomee chini zaidi.

Sasa angalia, Ijumaa na Jumamosi si baridi ya aina moja. Ijumaa ni ya upepo na mawingu, hewa ya kaskazini inasukumwa na kupita juu ya kila kitu. Hiyo huwezi kuizuia kwa shuka, lakini chini ya mawingu kwa kawaida haishuki sana. Usiku wa Jumamosi mawingu yataondoka, upepo utatulia, na ardhi itaanza kupumua joto lake juu. Hapo ndipo shuka linafanya kazi, kwa sababu joto linatoka udongoni na wewe unalizuia lisipotee.

Ukishaelewa hilo, hutakosea kufunika. Kosa la kila mtu ni kuufunga mmea kama anayefunga mzigo: shuka juu, kamba kwenye shina. Joto liko chini, umelifungia nje! Shuka literemke mpaka chini pande zote, ulikandamize kwa mawe au udongo, lisimame juu ya vijiti ili lisilale juu ya majani. Vitenge vya zamani vinafaa, viwili viwili, na blanketi ni bora zaidi. Nailoni peke yake usitumie. Jani linaloigusa huganda pale pale linapogusa. Kwa miche yako sita ya nyanya ningechukua ndoo sita, nizifudikize moja moja, jiwe juu. Kazi ya dakika tano, na hakuna kifuniko cha dukani kinachoishinda. Funika Jumamosi mapema jioni, jua lingali juu, kabla udongo haujapoa. Alhamisi, kabla ya mvua, mwagilia udongo kama ni mkavu, maana udongo uliolowa unatunza joto kuliko wa vumbi. Jumapili jua likipanda, funua, la sivyo utaipika miche uliyoiokoa.

Sasa ule ushauri wa mzee wako, wa kumwagia mimea maji usiku, na alikoutoa. Wakulima wa stroberi, Florida na hata huku, kweli hunyunyizia mashamba maji usiku wa baridi. Maji yanapoganda yanatoa joto, na muda wote barafu inapoendelea kuundwa juu ya ua, ua linabaki karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi. Lakini wao wana mitambo inayonyunyiza bila kusimama tangu jioni mpaka barafu inapoyeyuka asubuhi. Ukisimama katikati, au upepo ukiingia, maji yanaanza kukauka badala ya kuganda, na maji yanayokauka hula joto kama mara saba ya lile yanalotoa yakiganda. Kwa hiyo mtu mwenye mpira mmoja wa maji, aliyemwagia saa nne usiku kisha akaenda kulala, ameyaongezea baridi maharage yake. Mshukuru mzee, mwambie bomba lako halitoshi.

Mimea yako haifanani uvumilivu. Sukuma wiki, kabichi na vitunguu haviulizi. Baridi ya siku mbili inaifanya sukuma wiki iwe tamu, kwa sababu inapopoa hujaza sukari kwenye majani ili yasigande upesi. Viazi majani yake yataungua, lakini macho yaliyo ardhini yatachipua tena, ndiyo maana nimesema pandisha udongo juu yake Alhamisi, mpaka majani yote yafunikwe kama bado ni mafupi. Mahindi ndiyo yanayowashangaza watu. Mpaka yawe na majani kama matano, kitovu chake cha kukulia kiko bado chini ya udongo. Utayaona Jumapili yamelala kama nyasi zilizomwagiwa maji ya moto, na ukiyakimbilia na jembe utakuwa umeua yaliyokuwa hai. Yape wiki. Maharage ni kinyume: kitovu chake kinatoka juu pamoja na zile nusu mbili za mbegu, yakiungua hapo yamekwisha. Kama una mashuka machache, yaende kwa nyanya na maharage. Lengalenga, nasikitika. Ni mmea wa joto, na hata ukiupitisha Jumamosi salama utadumaa kwenye udongo huu wa baridi. Mashuka usiyapoteze huko.

Na theluji ikianguka kabla ya usiku wa Jumamosi, usiifagie bustanini. Najua moyo utakutuma kuiondoa. Theluji mpya imejaa hewa, ni blanketi kuliko blanketi zako, na chini yake mmea mfupi unakaa karibu na sifuri ya Selsiasi hata juu kukiwa nyuzi 25 za Fahrenheit. Labda tu iwe imeyakandamiza mashuka yakawaangukia maharage. Hapo ipukute taratibu.

Mti wa pichi hutaufunika, ni mkubwa mno. Maua ya pichi yaliyofunguka kabisa hufa moja katika kumi kwenye nyuzi kama 27 za Fahrenheit, na kwenye 24 hufa tisa katika kumi. Kwa hiyo nyuzi tatu tu zinatenganisha kikapu kilichojaa na kikapu cha shaka, na hakuna utabiri wa siku tatu mbele unaoweza kukuhakikishia nyuzi tatu. Jumapili mchana chuma maua kumi kutoka matawi tofauti, yapasue katikati kwa kisu. Kitovu kikiwa kijani, liko hai. Kikiwa cha kahawia au cheusi, limekufa hata kama petali bado zinapendeza. Na hata tisa yakiwa meusi usilie bado, mti wa pichi huchanua maua mengi mno kuliko matunda unayoweza kuyabeba.

Ijumaa ni habari nyingine, haihusu bustani.

Simu inasema mvua, barafu, labda theluji, na watu wanawacheka watabiri kwamba wametaja vyote wasikose. Wasichekwe. Mawinguni mvua yote hii inaanza kama theluji. Njiani ikikuta tabaka la hewa ya joto, inayeyuka. Hewa ya chini ikiwa baridi kwa unene mkubwa, matone yanaganda tena angani na kukudondokea kama punje za mchele, hayo hayana shida sana. Lakini baridi ikiwa ni tabaka jembamba tu karibu na ardhi, tone linafika likiwa maji, linagusa waya, tawi, ngazi ya mlango wako, na kuganda papo hapo. Hiyo ndiyo mvua inayoganda, mbaya kuliko zote. Kati ya mvua ya kawaida, punje, mvua inayoganda na theluji kuna tofauti ya nyuzi moja au mbili tu, hewani juu, mahali usipoweza kupaona. "Labda" yao ni ya kweli.

Barafu ya milimita 6 kwenye matawi inaanza kuvunja vitawi. Ikifika milimita 12, matawi makubwa na nyaya za umeme zinashuka. Miti ikiwa na majani na maua inakamata barafu na theluji ya majimaji nyingi kuliko miti mitupu ya Januari. Huko kwenu kuna ile mipeasi ya mapambo yenye maua meupe yanayonuka kama samaki, imepandwa kila mtaa. Matawi yake yameungana vibaya na shina, nayo hupasuka katikati kama kuni. Gari lisilale chini yake Ijumaa.

Habari njema ni kwamba mwishoni mwa Machi barabara zimeshakusanya joto, na jua la saa sita lina nguvu. Lami nyingi italowa tu. Madaraja hayatalowa tu. Chini yake hakuna ardhi ya kuyapa joto, hewa inayapoza juu na chini, kwa hiyo unatoka kwenye lami ya maji, salama kabisa, unapanda daraja na huna tena usukani. Nataja hili kwa sababu wengi wetu tuko zamu ya usiku kwenye maghala, tunarudi saa kumi na moja alfajiri, saa mbaya kuliko zote. Ukikaribia daraja punguza mwendo kabla yake, si juu yake. Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne litakusaidia kuondoka, kusimama halikusaidii hata kidogo. Na msimamizi wa zamu akikuambia njoo hata kama ngazi yako ni kioo, hiyo ni hesabu yako na Mungu wako, mimi ningempigia simu kwamba nitachelewa.

Kesho, Alhamisi, toka nje na uuchomoe mpira wa maji kwenye bomba la ukutani. Hili ni dogo na watu wengi hulisahau, kwa sababu Januari mpira haukuwepo. Ukibaki umeunganishwa, maji yanabaki yamefungiwa ndani ya bomba, yanaganda, yanapasua bomba ndani ya ukuta, na hutajua mpaka siku utakayolifungua bomba na kuona maji yanatoka jikoni. Mabomba ya ndani kwa nyuzi 25 za usiku mmoja sina wasiwasi nayo. Hatari yake huanza hewa ya nje ikishuka kwenye 20 hivi. Sinki lililo kwenye ukuta wa nje acha lidondoshe tone tone, inatosha.

Sasa jiko.

Januari 2009 mvua inayoganda iliifunika Kentucky, na zaidi ya nyumba na biashara 700,000 zikakosa umeme, nyingine kwa wiki kadhaa. Baadhi ya waliokufa hawakuuawa na baridi. Waliuawa na kaboni monoksidi, hewa inayotoka kwenye jenereta, gari, au mkaa unaowaka ndani. Desemba 2006 umeme ulikatika upande wa Seattle baada ya upepo mkali, ikawa hivyo hivyo, na wengi wa walioumia walikuwa wageni kama sisi, watu waliofanya kile walichokijua maisha yote: kuingiza jiko ndani watoto wapate joto.

Ninajua utasema nini, kwa sababu mama yangu angesema hivyo hivyo. Mkaa ukishaiva, moshi umeisha, una hatari gani? Tumelala nao tangu zamani. Mama, moshi siyo unaoua. Mkaa mwekundu uliotulia, usio na moshi hata kidogo, ndio unaotoa hewa hii kwa wingi, nayo haina harufu wala rangi. Katika damu inashika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Kule Nyarugusu nyumba yako ilipumua: mianya kwenye turubai, nafasi juu ya ukuta, mlango usiofunga sawasawa. Nyumba ya Louisville imezibwa makusudi ili joto lisitoke. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Tazama mfuko wa mkaa ulionunua dukani, una mchoro wa jiko likiwa ndani ya nyumba, ndani ya hema na ndani ya gari, limekatwa kwa alama. Mchoro uliwekwa ili hata asiyesoma Kiingereza aelewe.

Kwa hiyo jiko libaki nje, hata gereji mlango ukiwa wazi hapana. Oveni ya gesi isiwashwe kwa ajili ya joto. Jirani mwenye jenereta aiweke mita 6 au zaidi kutoka madirisha yote, yako na yake. Leo hii, kama hamna kifaa cha kugundua kaboni monoksidi, nunua kimoja cha betri au mdai mwenye nyumba. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na usingizi. Sisi tunasikia hivyo tunasema malaria, wenyeji wanasema mafua. Ikiwa watu wawili au watatu ndani ya nyumba moja wanayapata pamoja, toka nje na watoto wote kwanza, kisha piga 911 ukiwa nje. Kiingereza kikikugomea, taja neno Swahili tu. Wana utaratibu wa kumtafuta mkalimani kwenye simu.

Jua pia kwamba hita nyingi za gesi nazo zinazimika umeme ukikatika, kwa sababu feni zake ni za umeme. Basi mpango wa joto ni wa zamani: chumba kimoja, kidogo, kisicho na madirisha mengi, magodoro chini pamoja, blanketi kuziba chini ya mlango, kofia na soksi usiku, mtoto mdogo mgongoni au kifuani. Tochi, si mishumaa. Chaji simu zote Alhamisi jioni. Pika Alhamisi chakula kinacholiwa baridi. Friji ikifungwa bila kufunguliwa hutunza chakula saa 4, friza iliyojaa saa 48, kwa hiyo waambie watoto wasichungulie. Waya uliolala chini, hata ukionekana umekufa, usiusogelee. Mkizidiwa usiku, piga 211 uulize kituo cha kujipashia joto kilicho karibu.

Mbegu za lengalenga unazo bado? Ziweke pakavu, uzirudishie ardhini wiki ya pili ya Mei, Derby ikishapita, siku ambayo ukiweka kiganja udongoni asubuhi hutamani kukitoa. Zitazikuta zile za Machi, kama zitakuwa zimebaki, na kuzipita.